Nani Husafisha Maji? Ngogo, Mchanga na Mimea katika Tangi la Samaki la Shule

Kila mwaka, mvua zianzazo mnamo Desemba zinapokoma mwezi wa Aprili au Mei, Mto Ruvuma hupungua na kurudi katika mkondo wake. Katika nyanda za Mahurunga, mkoani Mtwara, ambako wakulima hupanda mpunga katika ardhi iliyorutubishwa na mafuriko, mto huacha nyuma madimbwi mengi. Maji ya madimbwi hayo hayatembei. Samaki waliobakia humo hula, hutoa choo na kupumua katika maji yaleyale kwa majuma mengi. Lakini hawafi kwa sumu ya uchafu wao wenyewe, mpaka hapo jua litakapokausha dimbwi. Ni kitu gani kinachosafisha maji hayo?

Swali hili laweza kujibiwa darasani kwa kutumia tangi dogo la kioo, mchanga wa mtoni, mimea ya majini na samaki watatu. Halihitaji umeme wala pampu. Makala haya yanakusudia kumwonyesha mwalimu na mwanafunzi jinsi ya kutengeneza tangi hilo na jinsi ya kulisoma. Tumechagua samaki wa jamii ya kambare wakaao chini, kwa sababu wafugaji wengi huwaita "wafagizi" wa tangi. Tutaona kwamba jina hilo si la haki, na kwamba limesababisha vifo vya samaki wengi na hasara katika mito ya nchi kadhaa.

Tangi la kwanza lenye mizani

Mwaka 1849 mwanakemia Robert Warington aliweka samaki wawili wa rangi ya dhahabu katika chombo cha maji mjini London, pamoja na mchanga na mmea wa majini uitwao Vallisneria. Alitaka kujua kama mmea ungewapa samaki oksijeni ya kutosha, nao samaki wakaupa mmea kabonidaioksaidi. Majani yaliyokufa yalipoanza kuoza, maji yalichafuka. Warington akaongeza konokono ambao walikula majani hayo, na maji yakatakata. Taarifa yake ilichapishwa mwaka 1850, nayo ni miongoni mwa misingi ya ufugaji wa samaki katika vioo. Miaka mitatu baadaye, yaani mwaka 1853, bustani ya wanyama ya London ilifungua nyumba ya kwanza ya kuonyeshea watu samaki hai.

Warington aliieleza vizuri mizani ya hewa mbili: ile waivutayo samaki na ile waitoayo. Lakini palikuwa na mzani mwingine ambao hakuweza kuuona, nao ulikuwa ukifanya kazi katika mchanga wa chombo chake. Huo ni mzani wa naitrojeni. Kabla ya kuueleza, inafaa kwanza tumfahamu mnyama aishiye juu ya mchanga huo.

Ngogo na jamaa zake

Waswahili husema kwamba katika nyumba ya kambare kila mtu ana sharubu: baba, mama na mtoto. Msemo huo hutumika kwa nyumba isiyojulikana nani mkubwa, lakini kwa mwanabiolojia una ukweli wake. Kambare mchanga huzipata sharubu mapema, kwa kuwa ndizo zimwezeshazo kuishi. Sharubu zimejaa viungo vya kuonjea na kugusia. Samaki huyu huonja chakula kabla ya kukitia kinywani, na huweza kukitafuta gizani au katika maji ya tope ambamo macho hayafai kitu.

Jamaa wa kambare ni wengi, na mwanafunzi wa Mahurunga hana budi kuwatofautisha watatu kabla ya kuchagua.

Wa kwanza ni kambare wenyewe, wa jenasi Clarias. Wana jozi nne za sharubu na mwili mrefu. Juu ya matamvua yao kuna kiungo chenye matawi kama mti mdogo, ambacho huwawezesha kuvuta hewa ya kawaida. Hawafai kwa tangi dogo. Kambare aina ya Clarias gariepinus aweza kuzidi urefu wa meta moja, naye humla kila samaki anayeenea kinywani mwake.

Wa pili ni hongwe, jamaa wa majichumvi ambao huingia katika mlango wa mto, mahali maji ya bahari yachanganyikapo na ya mto. Sharubu zao hazina matawi. Hongwe hawafai kwa tangi la maji baridi, na miiba yao huumiza vibaya.

Wa tatu ni ngogo, wa jenasi Synodontis, ambao wameenea katika mito na maziwa mengi ya Afrika. Ngogo hutambulika kwa sharubu za taya la chini, ambazo zina vijitawi kama unyoya, na kwa pezi nene la nyama lililo mgongoni karibu na mkia. Mwiba wa mgongoni na miiba miwili ya mabega hujifunga wima anapotishwa, na kumfanya awe mgumu kumezwa. Akisugua mwiba wa bega katika kitako chake hutoa sauti ya kukwaruza, ambayo kila mvuvi wa ngogo ameisikia. Mchana hujificha chini ya gogo au jiwe. Jioni hutoka kutafuta wadudu, minyoo na mabaki ya mimea.

Ngogo wadogo wenye urefu wa sentimita 4 au 5 hufaa kwa somo letu. Yafaa kukumbuka kwamba wengi wao hukua zaidi ya hapo, kwa hiyo tangi ni makao yao ya muda tu. Katika mito ya Afrika Mashariki na Kusini wapo pia kambare wadogo sana wa jenasi Zaireichthys ambao hujifukia mchangani na ambao, kwa kawaida, hawafiki sentimita 5 hata wakikomaa. Katika nchi za mbali wafugaji hupenda zaidi Corydoras wa Amerika ya Kusini, samaki wadogo wenye mabamba magumu ubavuni. Hao humeza hewa juu ya maji na kuifyonza kwa utumbo wao wa nyuma.

Tofauti hizi za upumuaji zina maana kubwa kwa mfugaji. Kambare au Corydoras akipanda juu kumeza hewa, huenda anafuata desturi yake. Ngogo hutegemea matamvua. Ngogo akikaa juu ya maji akihema, ujue kwamba chini kumeharibika.

Samaki hawa wamekwisha kuwafundisha wataalamu mambo makubwa. Mwaka 1986 mtafiti wa Kijapani, Tetsu Sato, alitangaza kwamba ngogo mmoja wa Ziwa Tanganyika, Synodontis multipunctatus, hutaga mayai yake wakati samaki wengine wanapotaga. Mama wa samaki hao, ambaye hulea mayai kinywani, huyaokota yote pamoja. Watoto wa ngogo huanguliwa mapema na kuwala watoto wa mwenyeji humo humo kinywani. Tabia hiyo, ambayo tuliizoea kwa ndege kekeo na jamaa zake, haikuwa imeonekana kwa samaki kwa namna hiyo. Iligunduliwa na mtu aliyetazama kwa uangalifu.

Kwa nini ngogo si mfagizi

Sasa turudi kwenye swali letu. Watu wengi humwona ngogo akipekua mchanga kwa sharubu, wakadhani anakula uchafu. Basi huongeza chakula tangini na kumwachia yeye kazi ya kusafisha. Hapo ndipo kosa lilipo. Ngogo akila mabaki ya chakula, hayaondoi majini. Huyageuza yakawa nyama ya mwili wake na kinyesi, na sehemu kubwa ya naitrojeni iliyokuwamo huitoa kupitia matamvua ikiwa amonia. Kila samaki unayemwongeza ili asafishe ni kinywa kimoja zaidi, na pia ni chanzo kimoja zaidi cha amonia.

Tufanye hesabu. Protini huwa na naitrojeni kiasi cha asilimia 16. Gramu moja ya chakula kikavu chenye protini asilimia 40 ina gramu 0.4 za protini, yaani miligramu 64 za naitrojeni. Tuseme naitrojeni yote hiyo imegeuka amonia katika tangi lenye lita 40 za maji, na hakuna kitu kilichoiondoa. Kila lita itapata miligramu 1.6.

Je, kiasi hicho ni sumu? Inategemea kipimo cha pH. Amonia majini huwa katika hali mbili: ayoni ya amonia, ambayo haina madhara makubwa, na amonia huru, ambayo hupenya matamvua na kudhuru. Katika maji ya nyuzi 25 za sentigredi, mgawanyo wake ni huu:

Kwa pH 7, amonia huru ni kama asilimia 0.6 ya yote.
Kwa pH 8, ni kama asilimia 5.
Kwa pH 9, ni kama asilimia 36.

Joto nalo huongeza hatari: kwa pH 8 na nyuzi 30, joto lisilo geni kwa maji ya pwani ya Mtwara, amonia huru hufikia asilimia 7 na nusu hivi. Wafugaji wa samaki huchukua kiasi cha miligramu 0.02 za amonia huru kwa lita kuwa mpaka usiofaa kuvukwa kwa muda mrefu. Mwanafunzi na apige hesabu mwenyewe: gramu moja ya chakula katika tangi letu haivuki mpaka huo kwa pH 7, lakini kwa pH 8 huuvuka zaidi ya mara nne. Gramu moja ya chakula kikavu ni kidogo kuliko kijiko kimoja cha chai.

Wafagizi wa kweli

Mwaka 1877 wanasayansi wawili wa Ufaransa, Schloesing na Müntz, walipitisha maji machafu polepole katika bomba lililojaa mchanga. Mwanzoni amonia iliingia juu na kutoka chini ilivyo. Baada ya siku 20 hivi, maji yaliyotoka chini yalikuwa na nitrati mahali pa amonia. Walipopitisha mvuke wa klorofomu, ambayo huua viumbe hai au kuvilaza, nitrati ilikoma. Jaribio hilo lilithibitisha kwamba mchanga haukuwa ukifanya kazi kama chujio tu, bali ulikuwa na viumbe hai ndani yake.

Aliyeendeleza jambo hili nchini Uingereza alikuwa Robert Warington mdogo, mtoto wa yule wa tangi la London. Katika kituo cha utafiti wa kilimo cha Rothamsted alionyesha kwamba kazi hiyo ina hatua mbili, na kwamba kila hatua ina viumbe vyake: kwanza amonia hugeuzwa kuwa nitriti, kisha nitriti hugeuzwa kuwa nitrati. Hivyo mtoto alieleza kazi iliyokuwa ikiendelea katika mchanga wa chombo cha baba yake. Karibu mwaka 1890 Sergei Winogradsky, mwanasayansi kutoka Urusi, alifaulu kuvitenga viumbe hivyo. Ni bakteria.

Elimu hii haijakoma kukua. Kwa zaidi ya karne moja vitabu vilifundisha kwamba hakuna bakteria mmoja awezaye kufanya hatua zote mbili. Mwaka 2015 makundi mawili ya watafiti, moja nchini Uholanzi na jingine nchini Austria, yalitangaza kwamba bakteria wa namna hiyo wapo, nao ni wa jenasi Nitrospira. Wale wa kundi la Uholanzi walitokana na chujio la mtambo wa kufugia samaki.

Bakteria hawa wana tabia tatu ambazo kila mfugaji hana budi kuzijua. Kwanza, hushikamana na vitu vigumu: punje za mchanga, mawe na majani. Hawaelei kwa wingi majini, kwa hiyo kubadili maji hakuwaondoi, bali kuosha mchanga kwa sabuni huwaangamiza. Pili, huongezeka polepole. Bakteria wengine huweza kujigawa kila baada ya dakika 20, lakini hawa huhitaji saa nyingi, mara nyingi siku nzima au zaidi. Ndiyo sababu tangi jipya huhitaji majuma 4 hadi 6 kabla ya kuwa tayari. Tatu, huhitaji oksijeni nyingi. Kila gramu moja ya naitrojeni inayotoka katika amonia hadi nitrati hutumia karibu gramu 4.6 za oksijeni.

Tuirudie gramu yetu ya chakula. Miligramu zake 64 za naitrojeni zitahitaji kiasi cha miligramu 290 za oksijeni. Lita 40 za maji ya nyuzi 28, zilizojaa oksijeni kadiri ziwezavyo, zina miligramu 310 hivi tu. Kwa maneno mengine, kusafisha gramu moja ya chakula kunadai oksijeni karibu sawa na yote iliyomo tangini wakati mmoja. Oksijeni mpya huingia kutoka hewani na kwenye mimea, lakini huingia kwa kiasi chake. Tangi lisilo na pampu, basi, hulindwa kwanza kwa kijiko cha chakula.

Mimea mchana na usiku

Mimea husaidia kwa njia mbili. Mchana, kwa usanisinuru, hutumia kabonidaioksaidi na kutoa oksijeni. Tena mimea mingi ya majini hufyonza ayoni ya amonia moja kwa moja, ikajenga majani yake kwa naitrojeni ile ile ambayo ingemdhuru samaki. Ukipunguza majani yaliyozidi na kuyatoa nje, umeondoa naitrojeni tangini kwa hakika. Hiyo ndiyo maana ya kufagia.

Lakini mimea ina upande wa pili. Usiku haifanyi usanisinuru, bali huendelea kupumua kama samaki na bakteria. Oksijeni hupungua tangu jua litakapokuchwa, ikafikia kiwango cha chini kabisa kabla ya mapambazuko. Alasiri kuna hatari nyingine. Mimea ikiwa imefyonza kabonidaioksaidi nyingi, pH hupanda, na ile amonia isiyodhuru hugeuka amonia huru. Tangi lenye mimea mingi na chakula kingi laweza, kwa hiyo, kuwa na upungufu wa hewa alfajiri na sumu alasiri. Mimea humsaidia mfugaji mwenye kiasi, lakini haimwokoi mfugaji mlishaji kupita kiasi.

Kutengeneza tangi

Tangi lenye urefu wa sentimita 60, upana 30 na kimo 30 linatosha. Fundi wa vioo aweza kulitengeneza kwa kioo cha milimita 6 na gundi ya silikoni isiyotiwa dawa ya kuzuia ukungu. Likijazwa litakuwa na uzito wa karibu kilo 70, kwa hiyo liwekwe juu ya meza imara. Pawepo mwanga mwingi, lakini pasifikiwe na jua kali la adhuhuri.

Mchanga utoke mtoni, juu ya eneo lifikiwalo na maji ya bahari. Mchanga wa pwani ya Mtwara una vipande vingi vya matumbawe na kombe, ambavyo ni chokaa. Chokaa hupandisha pH, nasi tumeona madhara yake. Ili kuhakikisha, dondosha siki juu ya mchanga mkavu. Ukitoa mapovu, una chokaa, tafuta mwingine. Punje ziwe laini, kwa sababu kokoto zenye ncha hukwaruza sharubu, na sharubu zenye majeraha huoza. Osha mchanga kwa maji matupu mpaka maji yatoke meupe, kisha utandaze kwa kina cha sentimita 5. Ukizidi sana, oksijeni haifiki chini. Mchanga hugeuka mweusi na kutoa harufu ya yai viza.

Maji ya visima vya karibu na bahari mara nyingi yana chumvi. Yaonje kwanza kama kisima ni cha kunywa, au uliza wenyeji. Maji ya bomba yakae wazi siku nzima ili klorini itoke. Jaza mpaka sentimita 27 kutoka sakafu ya tangi, nawe utapata takriban lita 40 za maji juu ya mchanga.

Panda mimea ya mahali hapo hapo. Ceratophyllum, mmea usio na mizizi wenye majani membamba kama manyoya, hukua upesi na hufyonza amonia vizuri. Yungiyungi mchanga hupendeza, lakini majani yake yasiachwe kufunika uso wote wa maji, kwa kuwa huko ndiko oksijeni iingiako. Weka vigae viwili vya chungu vilivyoinama, viwe pango la ngogo mchana. Funika tangi kwa wavu laini wa chandarua. Katika majuma ya kungoja, kabla ya samaki kuingia, maji yaliyotuama ni mazalio ya mbu, na si haki shule kuleta malaria kwa jina la elimu.

Katika muda huo wa kungoja, tia chembe ndogo sana ya chakula kila siku ili bakteria wapate riziki. Baada ya juma la sita watie ngogo watatu, si zaidi. Uwalishe wakati wa magharibi, wakati wao wa kula: vipande vya nyungunyungu, viluwiluwi vya mbu, au kiasi kidogo cha chakula kikavu. Asubuhi tazama mchangani. Ukiona chakula kimebaki, jana ulizidisha. Kitoe, na leo usilishe. Kila juma badili lita 10 za maji. Unapomhamisha ngogo, tumia kikombe au bakuli. Miiba yake hunasa katika wavu, na kumng'oa kwa nguvu humjeruhi yeye na wewe pia.

Tahadhari za Mahurunga

Ruvuma una mamba na viboko. Wanafunzi wasipelekwe mtoni wala kwenye madimbwi yake kuvua. Mwalimu aombe samaki na mimea kwa wavuvi wenye uzoefu, baada ya kushauriana na afisa uvuvi. Sehemu ya mwambao huu imo ndani ya Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma, iliyotangazwa mwaka 2000, na humo kuna sheria zake.

Hatari ya pili ni ndogo kwa umbo na hutisha kidogo, kwa hiyo husahaulika. Ni kichocho. Vijidudu vyake hutoka katika konokono wa maji baridi na kupenya ngozi ya mtu aingizaye mkono majini. Warington wa London aliwakaribisha konokono katika chombo chake. Sisi hatuwezi kumfuata katika hilo. Maji ya dimbwi yasitumiwe tangini. Mimea ioshwe na mtu aliyevaa glavu za mpira, ikaguliwe chini ya kila jani kwa konokono na mayai yao ya utelezi, kisha ikae siku kadhaa katika ndoo ya maji safi ambayo hakuna atakayeyagusa. Vijidudu hivyo haviishi majini zaidi ya siku mbili bila kumpata mtu. Lakini konokono mmoja aliyefichika hutoa vingine kila siku. Akionekana konokono, aondolewe kwa koleo, na mimea ianze kungoja upya.

Uchunguzi wa wanafunzi

1. Kila siku kwa siku 14, hesabu mara ambazo vifuniko vya matamvua vya ngogo mmoja hufunguka kwa dakika moja, saa 12 asubuhi na saa 9 alasiri. Andika pia joto la maji. Chora grafu mbili. Ni wakati gani samaki hupumua kwa haraka zaidi, na kwa nini?

2. Chukua mchanga kutoka tangi lililokwisha komaa. Nusu uuchemshe kwa dakika 30, nusu uuache ulivyo. Tia kila nusu katika chupa yake ya mdomo mpana. Yeyusha gramu 0.8 za amonia kloraidi katika lita moja ya maji. Kisha chukua mililita 10 za mchanganyiko huo, uzitie katika lita moja ya maji safi, na mimina kiasi sawa katika kila chupa. Kama shule ina vifaa vya kupimia amonia, pima kila baada ya siku mbili. Linganisha matokeo yako na jaribio la klorofomu la mwaka 1877.

3. Tia matone ya bromothaimoli buluu katika maji ya tangi yaliyotekwa alfajiri, na katika mengine yaliyotekwa alasiri. Kiashiria hiki huwa njano maji yakiwa na asidi, na buluu pH ikizidi 7.6. Eleza mabadiliko unayoyaona kwa kutumia usanisinuru.

Usimwage tangi mtoni

Imani ya kwamba kambare fulani ni mfagizi imekuwa na madhara hata nje ya nyumba za wafugaji. Kambare wa Amerika ya Kusini wa jenasi Pterygoplichthys, wenye mdomo wa kunyonya, huuzwa wakiwa wadogo ili wale mwani wa vioo. Hukua wakafikia sentimita 40 au zaidi, tangi likawa dogo, mwenye tangi akawatupa mtoni. Hivi sasa wanazaliana katika nchi nyingi zisizo zao, zikiwamo Meksiko na Afrika Kusini. Katika bwawa la Infiernillo nchini Meksiko, wavuvi wa perege waliwakuta wamejaa nyavuni mwao mahali pa samaki wa kuuza.

Mimea nayo ni vivyo hivyo. Gugumaji, lenye asili ya Amerika ya Kusini, lilisambazwa duniani kwa uzuri wa maua yake. Mwishoni mwa miaka ya 1980 lilionekana katika Ziwa Viktoria, na katika miaka ya 1990 lilifunga bandari na mialo mpaka mitumbwi ikashindwa kupita.

Kwa hiyo sharti la mwisho la somo hili ndilo lisilo na nafuu. Samaki au mmea wa dukani asiingie kamwe katika Ruvuma wala dimbwi lake. Hata ngogo aliyevuliwa mto huohuo asirudishwe bila idhini ya afisa uvuvi, kwa kuwa aweza kubeba maradhi aliyoyapata tangini. Akikua, ahamishiwe bwawa la shule lisiloungana na mto. Maji ya tangi yamwagwe bustanini, mbali na mfereji. Nitrati iliyomo ni mbolea nzuri kwa mchicha.

Maswali

(a) Kwa nini kuongeza ngogo hakupunguzi amonia tangini?
(b) Mfugaji ameosha mchanga wake wote kwa sabuni, na juma lililofuata samaki wakafa. Eleza sababu.
(c) Tangi la lita 40 limetiwa gramu 2 za chakula chenye protini asilimia 30. Kama naitrojeni yote imegeuka amonia, kila lita ina miligramu ngapi za naitrojeni? Kwa pH 8 na nyuzi 25, amonia huru ni kiasi gani?
(d) Dimbwi la mafuriko linapokauka polepole, samaki hubanana na maji hupata joto. Taja mambo matatu yatakayobadilika majini, na useme ni yupi atakayestahimili zaidi, kambare au ngogo. Toa sababu.